Ndiva Haijazwi Siku ya Kiangazi

Maneno ya mjumbe wa Kamati ya Fedha, mwalimu mstaafu, katika chakula cha jioni cha kuchangia maendeleo ya nyumbani, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa chama chetu, wazee wetu, mama zetu, wageni waalikwa, watani zetu Wachaga mliokuja kuhakikisha kwa macho yenu kama kweli Wapare wanatoa hela, ndugu zangu wote, itifaki imezingatiwa.

  

Mwenyekiti amenipa dakika 15 niseme juu ya mradi wa fremu za maduka. Mchoro umebandikwa pale mlangoni na wengi mmeshauona. Katibu ameniambia, "Mwalimu, wewe wape ushuhuda, hesabu watasoma wenyewe." Ushuhuda nimekubali kuutoa, lakini hesabu nazo nimekuja nazo. Nimefundisha hisabati darasa la sita kwa miaka 31, siwezi kusimama mbele ya watu bila hesabu.

Naanza na nyumbani kwangu.

Mimi na marehemu mume wangu tulijenga Mbagala wakati bado kuna mikorosho mingi kuliko nyumba. Tulipomaliza nyumba ya kuishi, nyuma ulibaki uwanja. Mume wangu akapata mkopo wa SACCOS ya kazini kwake. Mimi nilitaka tununue gari. Majirani tuliohamia nao walishaanza kuegesha magari mlangoni, na mimi nilikuwa naamka saa kumi usiku kugombea daladala. Yeye akasema hapana, tujenge vyumba vinne vya kupangisha. Tuligombana, ndugu zangu. Nilimwambia maneno ambayo leo nayaonea aibu, kwamba ubahili umemwingia mpaka kwenye mifupa. Hakunijibu. Jumamosi ile niliamshwa na sauti ya lori likimwaga mchanga.

Vyumba vyenyewe si vya kujivunia. Ni vyumba vya futi kumi kwa kumi, bati juu, bomba moja uani, choo na bafu vya kuchangia. Tulianza na kodi ndogo sana. Leo kila chumba ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Mume wangu akafungua akaunti ya peke yake, na daftari la peke yake ambalo juu aliandika neno moja: VYUMBA. Sheria yake ilikuwa fupi. Fedha ya daftari hili hailiwi. Haiendi sokoni, haiendi kwenye sare ya harusi, haiendi hata kwenye ada, kwa sababu ada unajua tarehe yake na unaweza kujiandaa. Fedha hii inatengeneza vyumba vikiharibika, na kinachobaki kinasubiri siku isiyo na jina. Ndivyo alivyoiita. Siku isiyo na jina.

Alipofariki niliendelea na lile daftari kwa kumheshimu tu. Kusema kweli nilikuwa sijaelewa.

Siku isiyo na jina ikaja miaka mitatu baadaye, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili jioni. Mwanangu wa tatu alikuwa amepanda bodaboda akirudi nyumbani, wakagongwa na gari kwenye kona ya kuingilia mtaani kwetu. Mfupa wa paja ukavunjika. Daktari akasema lazima awekewe chuma, na asichelewe. Bima hana, kwa sababu mkataba wake wa kazi ulikuwa umekwisha miezi miwili nyuma. Jumla ya gharama niliyoandikiwa ilikuwa shilingi 1,850,000.

Sasa mnajua sisi tunavyofanya. Tunafungua kundi la WhatsApp, tunaweka picha ya mgonjwa, tunaanza orodha: namba moja ameahidi, namba mbili ametoa. Lakini mwezi wa nne mwaka huohuo nilikuwa nimeshafungua kundi la matibabu ya mama yangu, na lilipofika mwezi wa tano likageuka kuwa kundi la msiba wa mama yangu. Watu walionichangia wengine wako humu ukumbini, na Mungu awalipe. Ningewaambia nini tena? Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikaandika, "Ndugu zangu wapendwa, kwa masikitiko makubwa..." Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta.

Ndipo nikakumbuka daftari.

Kwenye akaunti ya VYUMBA kulikuwa na shilingi 2,140,000. Asubuhi nililipa. Mchana kijana akaingia chumba cha upasuaji. Leo yuko hapa, anatembea kwa miguu yake miwili, na viti mlivyokalia amevipanga yeye.

Nataka niwaambie nilichohisi pale dirishani kwa mhasibu, maana ndicho kilichonifanya nikubali kusimama hapa. Sikuhisi kwamba mimi ni tajiri. Nilihisi kwamba mtu aliyeko kaburini miaka mitatu amekuja kumlipia mwanawe. Nililia mpaka yule binti wa hesabu akadhani hela zimepungua, akaniambia, "Mama, usilie, unaweza kulipa nusu kwanza." Nikamwambia, "Mwanangu, zimetosha. Nalia kwa sababu zimetosha."

Tangu siku ile, kila nikipokea kodi nasema asante. Kwanza kwa Mungu, pili kwa mume wangu. Na tatu, ambao tusiwasahau hata kidogo, kwa wapangaji.

Kuna watu wanasema kodi ni fedha inayoingia ukiwa umelala. Aliyesema hivyo hajawahi kuwa mwenye nyumba. Choo kinajaa usiku wa kuamkia Krismasi na gari la kunyonya maji taka halipatikani. Mpangaji anahama usiku, anaondoka na balbu na kitasa. LUKU ni ugomvi wa kila wiki: mmoja ana friji, mwingine ana taa moja, na mwenye friji ndiye anayesisitiza tuchange sawa. Kodi ya majengo nayo tangu mwaka 2021 tunakatwa tukinunua umeme. Bati linatoboka, rangi inababuka. Mimi silali.

Na hata ningelala, fedha ile kuna mtu ameikesha. Ile milioni mbili niliyoikuta benki ilitoka kwa binti anayekaanga chapati stendi ya Rangi Tatu kuanzia saa kumi na moja alfajiri, kwa fundi seremala, kwa kijana wa duka la simu na kwa mlinzi wa usiku. Huyu mlinzi aliwahi kuachishwa kazi, akakaa miezi mitatu bila kulipa. Mimi nilitaka kumtoa. Mume wangu akasema, "Mwache atafute kazi akiwa na pa kulala, akitoka hapa hataipata." Akapata, akalipa kidogokidogo mpaka akamaliza. Jioni ile ya ajali, ndiye aliyekuwa anatoka kwenda zamu. Ndiye aliyemtambua mwanangu barabarani, akasimamisha bajaji, akampeleka hospitali, na zamu yake ikampita. Kwa hiyo nikisema nashukuru kwa kodi, sishukuru makaratasi. Nashukuru kwa jasho la watu waliokaa uani kwangu.

Basi, ndugu zangu, tupande mlimani sasa.

Wazee wanaijua ndiva. Lakini naona vijana wengi humu mmezaliwa Temeke na Kinondoni, mnakwenda nyumbani Desemba tu, na Desemba yenyewe mnapiga picha. Niwaeleze. Kwetu kuna vijito vidogo. Ukikiacha kijito kile kiende moja kwa moja shambani, maji yananywewa na mfereji njiani, shamba la chini halioni tone. Wazee wetu wakachimba ndiva: bwawa la udongo na mawe juu ya mashamba. Usiku watu wamelala, kijito kinaingia kidogokidogo. Asubuhi unafungua, maji yaliyokusanyika yanatoka kwa nguvu, yanafika mpaka shamba la mwisho. Maji ni yaleyale. Tofauti ni kwamba yamesubiri.

Na ndiva haikuwa mali ya mtu mmoja. Ilikuwa ya ukoo, ina zamu zake na wasimamizi wake, na ilifukuliwa tope kwa msaragambo, wote na majembe. Isiyofukuliwa ilijaa tope ikageuka shamba la magimbi.

Sasa tujitazame chama chetu. Hafla hii ya kila mwaka ni mvua ya masika. Inanyesha usiku mmoja, inanyesha vizuri, tunapiga makofi na vigelegele. Kesho yake fedha inagawanywa: madawati, matundu ya vyoo vya shule, saruji ya daraja. Ni sawa, ndiyo kazi yake. Lakini baada ya hapo tunakaa miezi 11 mikavu, na shida haisubiri hafla.

Mwaka jana mwezi wa tatu, upepo wa kufungulia masika uliezua bati la chumba cha kujifungulia katika zahanati yetu. Bati likatua kwenye migomba, kenchi zikavunjika, mvua ikaingia ndani. Mganga alinipigia simu usiku uleule kwa sababu mimi ni Kamati ya Fedha. Nilifungua taarifa ya benki. Chama chote, cha watu wenye magari yaliyojaa hapo nje, kilikuwa na shilingi 86,000.

Ukarabati ulihitaji shilingi 1,900,000. Si fedha ya kututisha. Kuna meza humu zinaweza kuitoa kabla ya kuku hajafika. Lakini kuipata kwa kupigiana simu, kukumbushana, "nitumie namba tena," "subiri mwisho wa mwezi," ilituchukua wiki 11. Kwa wiki hizo, akina mama walijifungulia kwenye chumba cha dawa, wamewekewa pazia la khanga. Wawili uchungu uliwashika usiku ikabidi wateremshwe Mwanga kwa gari la kukodi, barabara ina utelezi, mvua inanyesha. Mungu alisaidia, hakuna aliyepotea. Lakini msinilazimishe niseme kwamba tulisaidia sisi.

Ndipo nilipoipeleka kwenye kamati hadithi ya daftari la mume wangu. Na hesabu ni hii.

Serikali ya kijiji imetupa kiwanja pembeni mwa soko, na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji tunao. Tunataka kujenga fremu sita. Mawe na mchanga tunapata kwa msaragambo. Wananchi wameshaanza kusomba. Kwa hiyo kila fremu itatugharimu shilingi milioni 4.5, zote sita milioni 27. Tunazo milioni 11. Tunapungukiwa milioni 16.

Kodi kwa bei ya kule nyumbani ni shilingi 40,000 kwa mwezi. Fremu sita ni 240,000 kwa mwezi, ni 2,880,000 kwa mwaka. Robo tunaitoa kwa matengenezo, kodi za serikali na miezi ambayo fremu itakaa tupu, maana itakaa tupu, tusidanganyane. Zinabaki shilingi 2,160,000. Sasa rudini kwenye bati la zahanati: 1,900,000. Kodi ya mwaka mmoja ingelitengeneza kwa wiki moja, na chenji ingebaki.

Najua humu kuna wahasibu na watu wa benki. Mmoja alishaniambia, "Mwalimu, milioni 27 kupata milioni mbili na kidogo, ni zaidi ya miaka 12 kurudisha mtaji. Nunueni hati fungani." Hesabu yake ni sahihi, nimempa vema. Hati fungani ni kitu kizuri, na siku tukiwa na ziada tutanunua. Lakini hati fungani haimpi mama wa kule nyumbani mahali pa kushonea nguo bila kunyeshewa. Haimpi kijana wetu mahali pa kufungua duka la pembejeo au saluni, akaacha kupanda basi kuja kutafuta kazi ambayo hata hapa mjini haipo. Na jengo watu wanaliona. Fedha ya chama iliyo kwenye karatasi Dar es Salaam, mzee wa kijijini hawezi kuuliza habari zake. Fremu yenye kufuli anaiona kila siku ya gulio, na atauliza.

Mwingine akauliza, na hili ni swali zuri zaidi, "Nani atahakikisha hailiwi?" Kamati imekubaliana mambo matano, na nayasema mbele ya Mgeni Rasmi ili mtushike nayo.

La kwanza, fedha ya fremu inakaa kwenye akaunti yake peke yake, na watia saini ni watatu: mmoja wa chama, mmoja wa serikali ya kijiji, na mmoja mama aliyechaguliwa na akina mama wenyewe.

La pili, inatumika kwa dharura tu. Bati lililoezuliwa, bomba lililopasuka, daraja lililosombwa, mgonjwa wa kuteremshwa hospitali usiku. Haitumiki kwa sherehe, fulana, posho wala mbio za mwenge. Kinachojulikana tarehe yake kitachangiwa kwenye hafla kama hii.

La tatu, kila mpangaji ana mkataba na anapewa risiti, awe nani awe nani. Asije mjumbe wa kamati kuniambia, "Mwalimu, ile ya pembeni muachie shemeji yangu." Shemeji yako tunampenda. Alipe.

La nne, tutalipa kodi ya serikali inayotakiwa. Najua sisi ni wajukuu wa watu walioteremka kwa maelfu mpaka Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru, mpaka serikali ya Mwingereza ikaishia kuiondoa. Wazee wale walipinga kukadiriwa kodi kwa njia waliyoona si ya haki. Hawakutufundisha kukwepa. Tena safari hii Kiswahili kimetupendelea: kodi tutalipa, lakini na sisi kodi tutapokea.

La tano, mpangaji ataheshimiwa. Bei haitapandishwa ghafla kwa sababu tumemwona ana wateja. Akipatwa na ugonjwa au msiba, atasikilizwa kabla ya kuwekewa kufuli. Watakaopanga pale si wageni, ni wadogo zetu. Mwaka ambao fedha yao itaokoa mtu, tutawataja majina kwenye mkutano wa kijiji na kuwaambia asante.

Ndugu zangu, sisi wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Tunapenda kutoa wakati wa kilio. Mtu akilazwa tunatoa, akifa tunatoa zaidi. Ukituomba kabla, tunauliza, "Kwani kuna nini?" Hakuna kitu. Ndiyo maana tunaomba leo. Hakuna bati lililoezuliwa wiki hii. Hakuna mama aliyeko njiani kwenda Mwanga usiku huu, kwa kadiri nilivyoambiwa na mganga jioni hii. Leo ni usiku mtulivu, na ndiva inajazwa usiku.

Kwenye bahasha zilizo mezani kuna fomu ya ahadi. Tofali moja lililofikishwa pale mlimani ni shilingi 2,000. Bati moja ni 35,000. Mlango wa chuma wa fremu ni 450,000. Jina la atakayeutoa, au la mzazi wake aliyetangulia, litaandikwa juu yake. Mlango mmoja nimeshauchukua mimi. Nimeulipia kwa fedha ya daftari la VYUMBA. Najua nimevunja sheria ya mume wangu, maana hii siyo dharura. Nilimweleza kaburini mwezi wa kumi na mbili nilipokwenda nyumbani. Hakunijibu, na yeye asipojibu najua maana yake: siku inayofuata unasikia lori la mchanga.

Jina lake litakuwa juu ya mlango ule. Alilolijengea uani kwangu, naomba tulijenge kwetu sote.

Akiba haiozi.